Rombo madarasa yanabaki wazi, Katavi watoto wanakaa chini. Nini kinahamisha watu hivi?

MwlKihamba

Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili jambo hili kwa uzito wake, maana ndilo ninaloamka nalo kila siku kazini.

Mimi ni mzaliwa wa Rombo, Kilimanjaro. Nafundisha shule ya msingi huku Katavi, wilaya ya Tanganyika. Darasa la kwanza ninalolisimamia lina watoto zaidi ya mia moja na arobaini kwenye chumba kimoja. Wanaowahi wanabanana wanne wanne kwenye dawati, waliobaki wanakaa sakafuni na kuandikia magotini. Nikitaka kufika nyuma kusahihisha daftari sina pa kukanyaga, kwa hiyo daftari ndizo zinazokuja mbele, zinapitishwa mkono kwa mkono. Kila mwaka mavuno yakiisha anakuja mzazi mgeni na watoto watatu, wanne, hana karatasi ya uhamisho. Ametoka Shinyanga, Simiyu au Tabora. Anasema, "Mwalimu, niandikie hawa." Nawaandika. Nitamfukuzaje mtoto aliyekuja kusoma?

Likizo nikienda nyumbani naona kinyume chake. Shule niliyosoma mimi, darasa la kwanza walioandikishwa mwaka huu hawafiki ishirini. Vyumba viwili vimepigwa kufuli, kimoja wameweka mahindi ya uji. Jirani wa mama upande wa juu ni bibi mmoja na mjukuu wake. Upande wa chini kuna nyumba nzuri ya bati la rangi, imefungwa mpaka Desemba. Jumapili kanisani wazee wanajaza mabenchi, watoto wa Utoto Mtakatifu wanatosha benchi moja na nafasi inabaki.

Nimetafuta takwimu za Sensa. Kati ya 2012 na 2022 nchi nzima tumetoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kilimanjaro ni asilimia 1.3 tu, watu 1,640,087 wamefika 1,861,934. Katavi ni asilimia 7.1: watu 564,604 wamekuwa 1,152,958. Yaani mkoa umezidi mara mbili ndani ya miaka kumi, na mimi nimeuona ukijaa darasani kwangu.

Chuoni tulifundishwa kwa kifupi kwamba maskini huzaa sana, basi. Naona jibu hilo halitoshi. Katavi haikupata watu hawa wote kwa kuzaa, na Rombo haikupungukiwa watoto kwa sababu kila mtu ametajirika. Mwenye uzoefu wa mikoa mingine anisaidie.

Mzalendo_77

Mwalimu, jibu liko wazi. Watu wanazaa bila mpango halafu wanataka serikali iwajengee madarasa. Wakae na watoto wawili kama Wachaga, shida itaisha. Wanahama na kukata misitu yote.

NgoshaWaMeatu

Mwalimu, hao watoto wanaokuja bila uhamisho nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Na wewe Mzalendo soma mpaka mwisho.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe na shamba la pamba Meatu, mkoa wa Simiyu. Meatu mvua ni chache. Zamani kila ukoo ulikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wale kiangazi. Watu walipoongezeka, ngitili zikalimwa. Babu aligawa shamba kwa watoto wake wa kiume, baba naye alikuwa na wavulana watano. Piga hesabu mwenyewe tungepata nini. Bei ya pamba nayo unaisikia siku ya kuuza, umeshapanda, umeshapalilia, umeshapulizia dawa kwa mkopo.

Basi kaka mkubwa alitangulia. Ndiyo desturi: kijana mmoja anapanda basi au baiskeli, anakwenda kutazama, anarudi na habari. Alirudi akasema huku Mpanda, Katavi, kuna pori, mvua inanyesha, mahindi yanakubali bila mbolea. Baba akauza sehemu ya ng'ombe, wengine wakaswagwa kwa miguu kupitia Tabora, na sisi na mama tukapakiwa kwenye lori pamoja na plau, vyungu, kuku na mlango wa nyumba. Mlango ulibebwa kwa sababu mbao ya kule ilikuwa ghali. Ardhi tuliipata kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa makubaliano, bila hati.

Sasa kuhusu kuzaa. Shamba la jembe la ng'ombe linakula mikono. Mtoto wa miaka sita anachunga ndama, wa kumi anachunga ng'ombe, anayemfuata anaongoza maksai baba akiwa ameshika plau. Msichana anachota maji, anabeba mdogo wake, anapalilia. Usipokuwa na watoto utaajiri vibarua, na hela ya vibarua huna. Hakuna pensheni mbugani. Mzee anatunzwa na mtoto aliyebaki, na ili mmoja abaki lazima wawe wengi.

Halafu kuna vifo. Mama yangu alizaa tisa, akazika watatu, wote chini ya miaka mitano, wawili kwa homa ya malaria wakati zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa mkokoteni. Mwanamke aliyezika watatu humwambii azae wawili. Takwimu za afya za kitaifa zinasema mwaka 2004 na 2005 watoto 112 kati ya kila 1,000 walikuwa wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 wamefika 43. Hayo ni mafanikio makubwa sana na nayaheshimu. Ila wazazi hawabadiliki mwaka uleule vifo vinapopungua. Wanaendelea kuzaa kwa hofu ya zamani, na safari hii watoto wote wanaishi. Darasa lako, Mwalimu, limejaa watoto ambao miaka ishirini iliyopita baadhi yao wangekuwa makaburini.

Mzalendo, unasema wakae na watoto wawili. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2015 na 2016 ulionyesha wanawake wa kaya maskini kabisa nchini wanazaa wastani wa watoto 7.5, wa kaya tajiri kabisa 3.1. Tofauti hiyo haitokani na akili. Mwenye 3.1 ana zahanati karibu, ana shule ya binti, ana maji ya bomba, na mtoto wake hahitajiki shambani. Septemba 2018 Rais Magufuli alikuja kwetu Meatu akawataka watu wasitumie uzazi wa mpango. Watu mjini walilizungumza sana. Dada zangu kijijini hawakuwa wanasubiri hotuba wala kupingana nayo. Walikuwa wanasubiri sindano ambayo ikifika zahanati inaisha siku ya pili, na wanahitaji mume akubali kwanza.

Nikuonyeshe na jambo moja kwenye hizo takwimu zako. Simiyu kwa kuzaa tuko juu. Kanda ya Ziwa utafiti huohuo uliikuta na wastani wa watoto 6.4 kwa mwanamke. Lakini Sensa inasema Simiyu imekua kwa asilimia 3.0 tu, chini ya wastani wa taifa. Watoto wanazaliwa kwetu, wanahesabiwa kwako. Ukanda uliochoka unatoa watu, ukanda wenye pori unawapokea, na huduma zimelala pale watu walipokuwa zamani.

Pori lenyewe linaisha. Huku kuna Hifadhi ya Taifa Katavi, kuna misitu ya hifadhi, kuna makazi ya Katumba na Mishamo ya ndugu zetu waliotoka Burundi 1972 na baadaye wengi wakapewa uraia. Nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na operesheni za kuondoa watu hifadhini tumeziona. Wadogo zangu wawili wameshahamia Lindi na ng'ombe wao.

MkungaMstaafu

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo marahaba. Nimesoma Ngosha anavyosema wadogo zake wako Lindi, nikasema hapa lazima nichangie. Nimezalisha akina mama Nachingwea na Liwale maisha yangu yote ya kazi.

Mwalimu, anayesema umaskini peke yake ndio unaozaa watoto wengi alete maelezo ya Kusini. Sisi tulikuwa maskini kuliko Kilimanjaro kwa mbali. Mvua ikinyesha barabara ya Dar ilikuwa inakatika miezi. Mgonjwa wa kupasuliwa tulikuwa tunamwombea Mungu tu. Lakini utafiti huohuo wa 2015 na 2016 uliikuta Kanda ya Kusini, Lindi na Mtwara, na wastani wa watoto 3.8 kwa mwanamke, chini kuliko kanda zote za Bara. Na kati ya 2002 na 2012 Lindi ilikua kwa asilimia 0.9 kwa mwaka. Maskini hao hao, hawazai sana na hawaongezeki.

Kwa nini? Nitasema nilichokiona wodini. Kwanza, kwetu hakukuwa na ng'ombe wa kuchungwa. Mkorosho ukishakua unataka kupuliziwa na kuokotwa msimu wake, hautaki jeshi la watoto mwaka mzima. Pili, Wamwera, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama. Mwanamke kwa sehemu kubwa ana kauli juu ya mwili wake. Alikuwa anakuja kliniki peke yake, anachagua sindano au kijiti, anaondoka, hakuna aliyemuuliza mume yuko wapi. Nilipopelekwa kwa muda mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa nilishangaa: mama anakuja kwa siri, anaomba nisiandike kwenye kadi. Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza Bara kwa matumizi ya njia za kisasa, na sisi si matajiri hata kidogo.

La tatu ni la kusikitisha. Wapo wanawake wengi wa umri wangu waliotaka watoto wakakosa. Magonjwa ya zinaa yaliyokaa bila tiba yaliziba mirija yao. Huo nao ni umaskini, ila unapunguza watoto. Wasichana wa leo wanapata dawa mapema, hawatapitia hayo.

La nne, vijana waliondoka. Historia ya Kusini mnaijua: Waingereza walikuja na mradi wa karanga 1947, makao yake makubwa huku yakiwa Nachingwea, wakajenga reli kutoka Mtwara. Mradi ukafa 1951, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Ikafuata miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, mpakani hakukaliki kwa amani. Mto Rufiji haukuwa na daraja. Magari yalikuwa yanapanga foleni kusubiri kivuko, abiria wanalala kando ya mto. Kijana aliyevuka kwenda Dar kuuza mitumba Kariakoo alikuwa harudi kulima mihogo. Alirudisha mtoto kwa bibi, yeye akabaki huko. Nilikuwa nachanja watoto wanaoletwa na bibi zao mfululizo, mama hayupo kwenye foleni.

Sasa tazameni kilichobadilika. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, lami ikafuata. Korosho ikapanda, msimu wa 2017 kilo ilifika karibu shilingi 4,000 mnadani. Ufuta nao ukapata soko. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu kule Mbeya kuanzia 2006 wakaelekezwa Lindi na Pwani, na wengine wakafuata wenyewe. Sensa ya 2022 imetukuta na asilimia 3.2, sawasawa na taifa. Hatukuanza kuzaa ghafla. Watu walipata sababu ya kubaki, wengine wakapata sababu ya kuja. Kabla sijastaafu nilikuwa naita jina kliniki, anasimama mama wa Kisukuma na watoto wanne nyuma yake.

Ngosha, wadogo zako waambie waende serikali ya kijiji waonyeshwe mipaka ya malisho. Liwale ugomvi wa mkulima na mfugaji umeua watu, na anayeumia kwanza ni mtoto anayechunga.

FundiVikindu

Mjadala mzuri. Naongeza la mjini kidogo. Mimi seremala, nimeishi Temeke nikiwa kijana. Sensa inaonyesha Dar imepunguza mwendo: ilikuwa inakua asilimia 5.6 kwa mwaka, sasa ni 2.1. Msidhani watu wameacha kuja. Mwenye nyumba alikuwa anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mimi nikaona bora nizichange nikanunue kiwanja Vikindu. Hapo nimevuka mpaka, nahesabiwa mkoa wa Pwani, lakini riziki yangu iko Mbagala na Kariakoo, natoka alfajiri narudi usiku. Wenzangu wako Kisarawe, Kibaha, Bagamoyo. Ndiyo maana Pwani imefika asilimia 6.1.

Na kuzaa: chumba kimoja cha kupanga kinakufundisha mwenyewe. Mtoto mjini anakula, anavaa, anataka nauli, hachungi kitu. Sisi tuna wawili, mke wangu kasema inatosha, na kaka yangu wa kijijini Tabora ana wanane. Tumezaliwa nyumba moja.

Mzalendo_77

Nimesoma. Sikujua hiyo ya Simiyu kutoa watu. Lakini msitu ukiisha tutakula nini? Hilo bado nalisimamia.

NgoshaWaMeatu

Hilo tuko pamoja, ndugu. Mimi mwenyewe ninalima karibu na msitu na naona chemchemi zinakauka. Ninachokataa ni kumlaumu anayekuja bila kuuliza kule alikotoka kilibaki nini.

MwlKihamba

Ahsanteni sana. Mama, shikamoo, maelezo yako ya Kusini nimeyaandika kwenye daftari langu.

Sasa naiona Rombo vizuri zaidi. Kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kinagawiwa watoto wa kiume mpaka kinabaki migomba ya kuhesabika na mibuni michache. Kwetu hakuna pori la kuhamia na maksai, hifadhi ya mlima iko juu na tambarare ni kavu. Kilichokuwepo ni shule za misheni na ushirika wa kahawa, KNCU tangu 1933, kwa hiyo wazazi walipeleka hela ya kahawa kwenye ada. Mtoto aliyesoma anaondoka, anazaa wachache, anazalia Arusha au Dar. Krismasi kila kihamba kinajaa, ila Sensa ilihesabu 23 Agosti. Dhiki ya ardhi tumeshiriki na Meatu, njia za kutokea zilikuwa tofauti.

Linalonisumbua ni hili. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, inamfuata mtoto aliyesajiliwa. Chumba na mwalimu havimfuati kwa kasi hiyo. Vyumba 15,000 vilivyojengwa kwa fedha za UVIKO vilisaidia sana nchi nzima, hata kwetu shule shikizi ilipata viwili, lakini vilijaa palepale. Walimu wanaopangwa huku wanaomba uhamisho kabla hawajafungua mizigo vizuri. Na wasichana wangu: utafiti ule wa 2015 na 2016 uliikuta Katavi ikiongoza, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito, taifa likiwa 27. Wakishaacha darasa la sita kwa sababu hakuna nafasi wala mwalimu, ndoa ndiyo inayowasubiri. Waraka wa 2021 unaruhusu aliyejifungua kurudi shule. Arudi akae wapi?

Na kuna hili la usajili. Mtoto anayekuja bila namba ya PREM, yaani namba yake kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, naanza kumtafutia upya, shule aliyotoka bado inamhesabu, kwangu haonekani. Kwenye mfumo nina watoto pungufu ya wale ninaowaona kwa macho.

NgoshaWaMeatu

Mwalimu, hilo la PREM wazazi wetu hawalijui kabisa. Wanadhani uhamisho ni kitu cha sekondari. Lori linapakiwa usiku, mwalimu mkuu anagundua wiki ya pili.

Tuna kundi la WhatsApp la watu wa Meatu na Itilima tuliohamia Katavi na Tabora, wengine wanajiandaa kuja baada ya kuvuna. Niandikie mzazi aombe nini shuleni kabla hajaondoka, kwa maneno mepesi, mimi nitalisema kwa sauti kwa Kisukuma na kulituma. Wengi hawasomi ujumbe mrefu, ila sauti wanasikiliza.

MwlKihamba

Nakuandikia usiku huu. Jina kamili la mtoto kama lilivyo kwenye cheti, shule anayotoka, darasa, namba ya PREM, na mwalimu mkuu amtoe kwenye mfumo kwenda shule mpya. Kama hajui jina la shule mpya, aje na namba tu, nitamalizia mimi huku.